"Reserved" Si Mpole

Kabla sijazama katika mada yangu, naomba nikuulize swali dogo. Pale chini kwenye fomu yako ya ripoti ya muhula uliopita, kwenye ule mstari mmoja mwembamba wa maoni ya mwalimu wa darasa, uliandikiwa nini? Usinionyeshe, hayo ni yako na wazazi wako. Wapo walioambiwa wajitahidi zaidi, wapo walioambiwa wapunguze kelele, na yupo ndugu yangu mmoja aliyeambiwa aache kuchelewa, utadhani boda boda za Shinyalu ni zake. Mimi, tangu nilipoingia shule hii, nimeandikiwa neno lile lile la Kiingereza muhula baada ya muhula: "reserved".

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maoni yangu ni haya, na ninayasema mapema ili asiyefika mwisho asije akadai nilimficha: tunalitumia neno hili vibaya, tunalitafsiri vibaya zaidi, na tafsiri hiyo mbovu inawaumiza watu humu humu shuleni.

Hebu nianze na dhambi yangu mwenyewe. Ripoti yangu ya kwanza niliipeleka kwa nyanya yangu, ambaye sisi humwita kukhu, kwa maana yeye ndiye anayenilea huko karibu na Khayega. Kukhu hakusoma Kizungu, ila karatasi yenye muhuri haimpiti. Aliigeuza, akaitazama juu na chini, kisha akaweka kidole pale pale kwenye mstari wa mwisho.

"Hii Kizungu ya hapa inasema nini, mwana wanje?"

Nami nilikuwa na haraka, tumbo linanguruma. "Inasema mimi ni mpole, kukhu."

"Mpole?"

"Ndiyo. Mpole sana."

Basi, wee! Ajuza wa watu alifurahi ajabu. Alimwita jirani kupitia uani akamwambia kuwa mjukuu wake ameandikwa na serikali kwamba ni mpole. Jioni hiyo ingokho mmoja aliaga dunia, nami nikala paja zima kwa sababu ya tafsiri mbovu. Paja lile lilikuwa tamu, sikatai, lakini hadi leo linanisuta.

Sasa tulichambue neno lenyewe kama tunavyochambua sentensi darasani. Asili yake ni Kilatini, kitenzi chenye maana ya kubakiza, kuweka kando, kutunza kitu kwa matumizi ya baadaye. Ndiyo sababu utalikuta mahali pengi pasipohusiana kabisa na tabia ya mtu. Nenda arusini, viti vya mbele vimebandikwa karatasi za "reserved", yaani wewe na mimi tukakae nyuma kwenye jua. Fungua kurasa za mwanzo za kitabu cha Kiingereza, utakuta "all rights reserved". Fungua cha Kiswahili, utakuta "haki zote zimehifadhiwa". Waona? Wachapishaji wetu walishalitafsiri neno hili zamani, wala hawakuandika kwamba haki zote ni pole!

Kwa hivyo Mwingereza akimwita mtu "reserved", anasema kwamba mtu huyo maneno anayo, mawazo anayo na hisia anazo, ila hazimwagi ovyo. Ameziweka akiba. Hasemi kwamba mtu huyo ni mwema wala kwamba ni mwovu. Hata mwizi wa kuku anaweza kuwa "reserved", na pengine kazi yake inamtaka awe hivyo.

Upande wetu, Kiswahili kina hazina ambayo tunaikalia bila kuitumia. Mpole ni mtu asiye mkali. Anaweza kuwa mpole na mdomo wake usipumzike tangu asubuhi hadi jioni, kama mama anayetuuzia mandazi langoni. Mkimya, au mnyamavu, ni yule asiyesema, lakini neno hilo halituambii kwa nini hasemi. Mtulivu ni yule asiyeyumbishwa na fujo. Mwenye haya anataka kusema, ila macho ya watu yanamkausha koo. Msiri analo jambo fulani analolificha, na mengine huyasema vizuri tu. Mwenye staha hupima maneno yake kwa kumheshimu aliye mbele yake. Hao ni watu sita tofauti, na sisi tumewavalisha shati moja tukaliita upole.

Tena neno hili lina ndugu yake. Katika mkutano, mtu akisema kwa Kiingereza kwamba ana "reservations" juu ya jambo fulani, anamaanisha kwamba hajakubali. Kuna kitu amekibakiza moyoni. Sisi nasi huku hupenda kusema kwamba kunyamaza ni kukubali. Si kweli hata kidogo. Wangapi miongoni mwetu wamepitishiwa maamuzi ya kikundi, ya bweni au ya familia kwa sababu walinyamaza, kumbe moyoni walikuwa wakisema hapana?

Sasa nifike panaponiuma. Katika Kidato cha Kwanza nilikuwa na jirani wa dawati, msichana, ambaye sitamtaja. Haya ninayoyaandika ameyasoma, naye amenikubalia. Yeye pia aliandikiwa "reserved" mihula yote mitatu. Hakuwahi kuinua mkono. Akiulizwa swali alitabasamu, akatazama chini, na mwalimu akaenda kwa mwingine. Sisi tulimbandika jina la Mpole, nalo likamkaa kama sare. Kwenye kazi za vikundi tulimpa kalamu aandike, kwa sababu eti Mpole haongei.

Yako mambo ambayo leo nikiyakumbuka najiuliza macho yangu yalikuwa wapi. Kila mara alitaka kukaa upande wa kushoto wa dawati, karibu na dirisha, ili sisi sote tuwe kulia kwake. Ukimwita kutoka nyuma hageuki. Tukicheka, naye alicheka, ila baada yetu kidogo, akisha kututazama nyuso.

Kidato cha Pili tukapangwa upya. Yeye akapelekwa upande wa pili wa darasa, ukuta ukawa kuliani kwake, na alama zake zikaporomoka. Watu wakasema mapenzi. Wengine wakasema matatizo ya nyumbani. Aliyejua ni mwalimu mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya kufundisha, kijana ambaye hata hakuwa amemaliza chuo. Alisimama kushotoni kwake akamwuliza swali mara tatu, kimya. Wengi tukaanza kucheka. Mwalimu akazunguka, akasimama upande wa ukuta, akauliza swali lile lile kwa sauti ile ile. Akajibiwa hapo hapo, na jibu lilikuwa sahihi.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limeharibika tangu utotoni kwa ugonjwa wa usaha ambao haukutibiwa, na la kulia lilikuwa limeanza kufuata mkondo huo. Alipelekwa hospitalini, akatibiwa lile lililoweza kuokolewa, na sasa anakaa mbele, mahali ambapo anauona mdomo wa mwalimu. Mwezi uliopita jina lake liliandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kiranja alishangaa kuona adhabu inapokelewa kwa tabasamu.

Nilimwuliza, "Mbona hukusema?"

Akanijibu, "Kila mtu alikuwa ameshasema mimi ni mpole. Ningeanzia wapi kukataa sifa?"

Msomaji, jibu hilo lilininyima usingizi. Lau tungemwambia kwamba ni mjinga au mvivu, angepigana, angelia, angeeleza. Lakini tulimsifu. Nani atasimama parade aseme, "Jamani, naomba mniondolee sifa hii, mimi si mpole, mimi sisikii"? Sisemi hivi kuwalaumu walimu peke yao. Mimi nilikaa naye dawati moja mwaka mzima, bega kwa bega, na sikumwuliza.

Ndipo nikaligeukia somo letu la Kiswahili, na huko nikapata msaada. Wanachama wenzangu, mnakumbuka mnyambuliko wa vitenzi? Kitenzi ni hifadhi. Mtu anaweza kujihifadhi. Hapo tunaona "ji", na tunajua kwamba mwenyewe ndiye aliyejitenda. Mtu pia anaweza kuhifadhiwa. Hapo tunaona kauli ya kutendwa, na swali linakuja lenyewe: amehifadhiwa na nani? Vivyo hivyo kwa kitenzi nyamaza. Yupo aliyejinyamazia kwa hiari yake, na yupo aliyenyamazishwa. Neno la Kiingereza "reserved" limeumbwa kama kauli ya kutendwa, lakini haliambii mtu mtendaji ni nani. Unaweza kuliandika kwenye ripoti elfu moja na usijue kama mtoto huyu amejiwekea maneno yake mwenyewe, au amefungiwa na hofu, na maradhi, na njaa, na vitisho vya mtu fulani. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Kinakulazimisha uchague kiambishi, na ili uchague lazima kwanza uulize.

Pengine utasema, dada, hiyo ni sarufi tu, inatuhusu nini sisi wa Kakamega? Inatuhusu sana. Mji huu wetu unajua vizuri maana ya kuitwa "reserved" bila kuulizwa.

Wazee wetu bado huita mashambani "rizavu". Marehemu babu yangu alipotoka kazini Nairobi alisema anarudi rizavu. Jina hilo lilitoka kwa wakoloni, waliozitenga ardhi za Waafrika na kuziita "native reserves". Mwaka 1930 walitunga sheria ya kulinda ardhi hizo iliyosema kwamba zimewekwa kwa ajili ya wenyeji milele, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa shughuli za umma, wenyeji wapewe ardhi nyingine ya ukubwa sawa. Maneno matamu hayo! Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikagunduliwa hapa Kakamega. Wazungu wakamiminika na sururu zao. Nayo ile "milele" ilidumu miaka miwili tu, kwa sababu Desemba 1932 sheria ilibadilishwa ili ardhi ya rizavu iweze kuchukuliwa kwa ajili ya uchimbaji na kulipiwa fidia ya pesa tu, bila wenyewe kupewa ardhi badala yake na bila baraza lao kulazimika kushauriwa kwanza. Mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi mwaka 1952, na hadi leo mtaa huo unaitwa Rosterman. Watu walinung'unika, lakini manung'uniko yao yalikuja baada ya kalamu kukauka. Kitu kikiitwa "reserved" na wengine, wengine hao hao hubaki na ufunguo.

Kwa upande wa pili, hapa hapa petu pana mfano wa akiba iliyo nzuri. Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa msitu uliohifadhiwa mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini, huko Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa. Chama chetu kilipozuru msitu huo, wengi tulisimama pembeni tukaona giza na miti tu. Mmoja wetu alisema, "Sasa tumekuja kuona nini?" Tulipoingia na kunyamaza kidogo, mbega wakaanza kuruka juu yetu, ndege wakaanza kujibizana. Msitu ule una zaidi ya aina 300 za ndege. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Ni kweli, lakini giza lile ni la aliyesimama nje. Hukuti msitu mtupu kwa sababu hauongei nawe barabarani.

Ninayesema haya ni mimi ambaye kweli ni mtu wa akiba. Mimi sikio langu ni zima na hakuna aliyenitisha. Napenda tu kusikiliza kwanza. Swali likiulizwa, hulizungusha kichwani kama mtu anayetafuna mukombero, na nikimaliza kulizungusha, mwalimu ameshafika ukurasa mwingine. Basi nami nina malalamiko yangu kwa wale marafiki wachangamfu wanaoniambia kila siku, "Changamka bwana, mbona umenuna?" Sijanuna. Kimya changu si kinyongo wala si maringo. Debe tupu ndilo lisiloacha kuvuma, na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nina wasiwasi kwamba siku hizi mtu wa namna yangu anaonekana mgonjwa. Wadogo zetu wa mtaala wa umilisi wanapimwa kwa mambo saba, na mojawapo ni mawasiliano na ushirikiano. Ni jambo jema mno, maana binti yule wa dawati langu angegunduliwa mapema kama kila mmoja angetakiwa kusema. Lakini mawasiliano si wingi wa maneno. Anayeandika aya moja iliyokomaa amewasiliana. Anayemsikiliza mwenzake hadi mwisho bila kumkatiza ameshirikiana. Tusije tukaponya ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine, tukawa tunatoa alama kwa mdomo badala ya wazo.

Wasichana wenzangu, sisi tuna mzigo wa ziada. Mwaka 2024 neno jingine la Kiingereza, "demure", lilivuma duniani baada ya Mmarekani mmoja, Jools Lebron, kulifanyia mzaha kwenye video fupi mwezi wa Agosti, hata kamusi ya Dictionary.com ikalitangaza kuwa neno la mwaka. Likizo ile kila mtu aliyekuwa na simu alikuwa "demure". Ulikuwa mzaha mzuri, nami nilicheka. Lakini neno hilo kwa miaka mingi limetumiwa zaidi kwa wanawake: msichana atazame chini, aseme polepole, asibishane. Mvulana mkimya husemwa anafikiri, msichana mkimya husemwa ana adabu. Na anayesifiwa kwa adabu hiyo ataona aibu siku akitakiwa kupiga kelele kwa sababu ya jambo lililomfika.

Staha si kitu kibaya. Imo katika mila zetu za bara na za pwani. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mashuhuri wa mawaidha mwaka 1858, akamhimiza adabu na ulimi mzuri. Lakini tusisahau kwamba mama huyo aliyehimiza ulimi wenye adabu ndiye huyo huyo aliyekaa, akiwa mgonjwa, akatunga beti zipatazo 100 ili asife na maneno yake. Aliyatunza, na saa ilipofika akayatoa. Mimi hicho ndicho ninachokiita akiba. Akiba ni kile unachoweza kukitoa unapokihitaji. Fedha ambayo imo benki na ukienda kuichukua unaambiwa haitoki, hiyo si akiba tena, umeshaibiwa.

Na hapo ndipo penye kipimo changu. Ukitaka kujua kama mwenzako amejihifadhi au amefungwa, usitazame jinsi anavyonyamaza. Tazama kama anaweza kusema inapobidi. Akikanyagwa, husema umenikanyaga? Akinyimwa chakula, huuliza chakula changu kiko wapi? Asipoelewa hesabu, kuna hata mtu mmoja anayeweza kumwambia? Kama jibu ni ndiyo, mwache, ana raha zake. Kama jibu ni hapana, huyo si "reserved", huyo anahitaji mtu wa kumsogelea.

Basi niwaombe walimu wetu wapendwa jambo dogo, kwa heshima zote. Tunajua darasa lina watu wengi, ripoti ni nyingi, na mstari wenyewe hautoshi hata jina refu. Lakini badala ya neno moja linalofunga mlango, tuandikieni mlichokiona. Andikeni, "Hajauliza swali darasani muhula huu, naomba mzazi tuzungumze." Maneno hayo yanaenea kwenye mstari, nimejaribu. Au kabla ya kuandika, mwiteni huyo mwanafunzi pembeni, mbali na macho ya wenzake, mmwulize kwa nini. Kimya chake kikiwa cha hiari, atawaambia. Kisipokuwa cha hiari, huenda asiwaambie siku hiyo, lakini atakuwa ameujua mlango.

Na sisi wanafunzi tuache kubandikana majina. Jina zuri nalo linaweza kuwa kufuli. Aliye kimya karibu nawe, mwulize leo, tena mwulize ukiwa pande zote mbili za masikio yake.

Nanyi wanachama wa Chama cha Kiswahili, nina pendekezo kwenu. Tulipatie neno hili tafsiri yetu tuipeleke kwenye ubao wa matangazo. Mimi ninapendekeza "mwenye akiba ya maneno". Najua ni refu. Kama kuna mwenye neno fupi zaidi, kurasa za mwaka ujao zipo. Ninachokataa ni "mpole".

Sikutaka kuchapisha haya kabla ya kulipa lile deni la paja. Likizo iliyopita nilimweleza kukhu ukweli wote: kwamba nilimdanganya, kwamba lile neno halikuwa mpole, kwamba maana yake ni mtu anayeweka maneno yake kama mtu anavyoweka mahindi ghalani. Nilitarajia ghadhabu. Yeye aliendelea kupukuchua mahindi, kisha akaniuliza, "Na wewe unayatoa lini?"

Nikamjibu kwa methali, nikidhani nimeshinda. "Akiba haiozi, kukhu."

"Hiyo ni ya watu wa pesa," akasema. "Mahindi usipoyatoa ukaanika, yanaingia fukusi. Unafungua gunia unakuta unga na wadudu. Kwanza uliniambia uwongo kwa nini?"

Nilinyamaza. Kisha nikakumbuka nilichokuwa nimepanga kuwaandikia ninyi, nikaona aibu, nikamwambia ukweli: kwamba nilikuwa na njaa, na kwamba niliona haya kumwambia kuwa mimi mwenyewe neno lile sikulijua.

"Haya," akasema kukhu, "umeanika moja." Akanisukumia nusu ya gunia nimsaidie kupukuchua. Hakuna ingokho aliyechinjwa siku hiyo.